Gome la Mdalasini Humsema Aliyeliambua

Mnunuzi apandaye Kinole, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, Tanzania, hunusa mdalasini kwanza. Harufu, hata hivyo, ni sifa ya mti na udongo zaidi kuliko ya mwambuaji. Anayetaka kupima ufundi atazame kingo za gome, kisha aligeuze. Kingo zilizonyooka ni za kisu kilichopita mara moja. Zilizochanikachanika ni za kisu kilichorudiwa. Upande wa ndani ukiwa laini, gome liliachia lenyewe. Ukiwa na mikwaruzo na matundu, lilichokolewa kwa nguvu. Alama hizo zinazoshusha daraja la mdalasini ndizo zinazoonyesha mkono ulioteswa. Daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alipoandika juu ya maradhi ya mafundi mwaka 1700, alilaumu miondoko ya nguvu isiyo na utaratibu na mikao isiyo ya kawaida ya mwili. Leo tunajua kwamba kano za mkono huumia zaidi pale nguvu nyingi, mwendo uleule na kifundo kilichopinda vinapokutana. Mwambuaji stadi huvikabili vyote bila hata kutaja afya. Husubiri mvua, utomvu unapopanda, kwa kuwa kiangazi gome hung'ang'ania mti. Huchagua machipukizi ya miaka miwili hivi yaliyoota kisikini. Hukwangua ganda la nje, kisha hulisugua gome mpaka lilegee kabla ya kulipasua. Wenzake wa Sri Lanka husugua kwa kijiti cha shaba. Na kisu hukinoa mapema, maana kisu butu hudai kukamatwa kwa nguvu, na mkono uliopinda kifundoni una nguvu ndogo ya kukamata.

Atatokea wa kusema gome zuri ni bahati ya mti tu. Kwa kiasi fulani ni kweli: gome la shina kuukuu ni nene, huchanika hata mikononi mwa bingwa. Basi linganisha magome ya unene mmoja, tena mengi, si lile moja lililowekwa juu ya gunia (wauzaji nao wana akili). Pingamizi zito zaidi ni kwamba stadi naye huumia. Huumia, ndiyo, kwa sababu ujuzi hupunguza gharama ya kila mkato lakini haupunguzi idadi ya mikato. Bei ikiwa ya kilo tu, bila kujali daraja, anayenoa kisu na kupumzisha mkono huonekana mzembe mbele ya anayechokoa mfululizo. Na akiumia, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa walioajiriwa. Mkulima anayeambua shambani kwake hana mwajiri wa kumchangia. Kwa hiyo mnunuzi anayeweza kutofautisha kingo zilizonyooka na zilizochanika aanze kuzilipia bei mbili, na azitaje bei hizo kabla mvua za masika hazijaanza, wakati mwambuaji bado anapanga atakata machipukizi mangapi kwa siku.