Msimamizi Asiyejua Kusema Hapana: Akili Mnemba na Michezo ya Kuigiza Mezani

Swali linalozunguka siku hizi kati ya wapenzi wa michezo na wanafunzi wa kompyuta ni hili: je, akili mnemba inaweza kusimamia mchezo wa kuigiza mezani? Jibu fupi ni kwamba inaweza kuuanzisha vizuri sana. Shida huanza saa ya tatu, pale mfalme aliyeuawa mwanzoni anapotokea getini akiwa mzima, na hakuna anayeshangaa isipokuwa wachezaji.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, ni hivi. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimamizi, na wengine kila mmoja ana mhusika wake: mwizi, mganga, askari aliyetoroka jeshini. Msimamizi anaeleza mnachokiona, ninyi mnasema mnachofanya, na pale ambapo haijulikani kama mtafanikiwa, dadu inarushwa. Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson.

Kazi ya msimamizi, ukiichambua, ni tatu: kubuni, kukumbuka na kuamua. Wengi wanaosifia akili mnemba wanaangalia ile ya kwanza tu. Sisi tuzipime zote tatu.

Kubuni: hapa inasaidia, ila uishike mkono

Tuwe wakweli, maandalizi yanachosha. Unahitaji majina ya watu ishirini, ramani ya soko, barua ya siri, sababu ya mtoza ushuru kumchukia nahodha. Modeli ya lugha inakupa vyote hivyo kwa dakika moja.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha kazi yao kuhusu mfumo unaoitwa CALYPSO. Hawakujaribu kumwondoa msimamizi. Walimpa msaidizi anayefanya kazi ndani ya Discord: anafupisha maelezo ya kiumbe ambacho wachezaji wanakaribia kukutana nacho, na anapendekeza mawazo. Wasimamizi waliokitumia chombo hicho waliripoti faida za aina mbili. Wakati mwingine walipata maandishi ya kuwasomea wachezaji moja kwa moja, na wakati mwingine walipata wazo bichi ambalo walilipika wenyewe. Huo ni ushahidi mzuri, na hatuna sababu ya kuubeza.

Ila kumbuka modeli ya lugha inafanya nini hasa. Inakadiria ni neno gani lina uwezekano wa kufuata, kutokana na maandishi mengi mno iliyofunzwa nayo. Kwa hiyo ukiiacha bila maelekezo, inakupa kile kinachotokea mara nyingi: baa yenye moto wa kuni, mgeni aliyejifunika kofia, ramani ya kale yenye siri. Si vibaya, ila umeshayaona.

Sasa chukua mfano wa msimamizi anayetaka mchezo wake uwe Kilwa ya mwaka 1331, mwaka ambao Ibn Battuta aliutembelea mji huo. Akiomba tu "mji wa bandari wa zamani", atapewa mji ambao ungeweza kuwa popote. Kinachoifanya Kilwa iwe Kilwa ni upepo. Kaskazi inaleta vyombo kutoka Arabuni, kusi inavirudisha. Mfanyabiashara aliyechelewa upepo anakaa miezi mingine akisubiri, na deni linamsubiri pia. Mwambie mchezaji, "Kusi inakaribia kwisha, na nahodha wenu yuko gerezani," na tayari una mchezo wa jioni nzima. Modeli inaweza kuwa imesoma habari za kaskazi na kusi. Ambacho haijui ni kwamba meza yako inahitaji sababu ya kuharakisha. Hilo unalijua wewe.

Kukumbuka: bao bila kete

Fikiria bao la Kiswahili. Mashimo ni 32, kete ni 64, na zote ziko mbele ya macho yenu. Mkibishana, mnazihesabu. Hali ya mchezo iko kwenye ubao, haimo kichwani mwa mtu.

Modeli ya lugha peke yake haina ubao. Ilicho nacho ni maandishi ya mazungumzo yenu, na hayo yenyewe yana kikomo. Mfano unaojulikana sana ni AI Dungeon, mchezo ulioanzishwa mwaka 2019 na Nick Walton, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Utah. Uliendeshwa na modeli ya GPT-2, na watu waliupenda kwa sababu uliweza kujibu chochote ulichoandika. Ila GPT-2 iliweza kusoma tokeni 1,024 tu kwa mara moja, yaani vile vipande vya maneno ambavyo modeli hutumia badala ya maneno kamili. Kilichotoka nje ya dirisha hilo, kwake hakikuwahi kutokea. Upanga ulioupata ukurasa wa kwanza ulipotea bila mwizi.

Utasema modeli za sasa zina madirisha makubwa mno. Ni kweli. Lakini kuwa na maandishi mbele yako na kuyatumia ni mambo mawili. Utafiti wa mwaka 2023 wa Nelson Liu na wenzake ulionyesha kwamba modeli walizozipima zilitumia vizuri zaidi habari zilizo mwanzoni au mwishoni mwa maandishi marefu, na zilizembea zile za katikati. Kwa msimamizi hiyo ni hatari, maana ahadi ambayo mchezaji alimpa yule bibi kizee huwa iko katikati kabisa.

Dawa yake inajulikana: tengeneza ubao. Watafiti wa kundi lilelile la Pennsylvania walikusanya data inayoitwa FIREBALL, yenye karibu vikao 25,000 vya Dungeons & Dragons vilivyochezwa Discord, pamoja na hali halisi ya mchezo: nani ana majeraha kiasi gani, zamu ni ya nani, silaha gani imetumika. Modeli iliyopewa hali hiyo iliandika vizuri zaidi kuliko iliyonyimwa, kwa vipimo vya kompyuta na kwa hukumu ya watu. Kwa hiyo ukitumia akili mnemba, usiiachie kumbukumbu. Weka daftari, au jedwali, na uwe wewe unayeisomea.

Na kwa anayecheza kwa Kiswahili kuna gharama ya ziada. Modeli nyingi zimejifunza kukata maneno kwa kutazama zaidi Kiingereza. Neno kama "hatutawapokonya" ni sentensi nzima ndani ya neno moja, na mashine hulikatakata vipande ambavyo mara nyingi haviendani na viambishi vyetu. Hadithi ileile ikiwa kwa Kiswahili inakula tokeni nyingi zaidi, basi dirisha linajaa mapema na, kama unalipia kwa tokeni, bili inapanda.

Kuamua: dadu na neno "hapana"

Hapa ndipo tunapokosoa kwa nguvu zaidi.

Mwambie mtu arushe dadu ya pande 20. Kila upande una nafasi ya asilimia 5, na dadu haijui hadithi imefika wapi. Haijali kwamba huyu ndiye shujaa wala kwamba hili ni pambano la mwisho. Kutojali huko ndiko thamani yake.

Modeli ya lugha ikisema "umepata 18" bila kutumia programu ya kuchagua namba, haijarusha kitu. Imeandika namba inayoelekea kufuata katika hadithi kama hiyo, na katika hadithi shujaa huwa anafanikiwa dakika ya mwisho.

Usituamini tu, jaribu. Omba chombo chako kikurushie dadu ya pande 20 mara 200, moja baada ya nyingine, kisha andika matokeo. Kwa dadu ya haki kila namba inatarajiwa kutokea karibu mara 10, na kupungua hadi 5 au kuongezeka hadi 15 bado ni kawaida. Halafu angalia marudio, yaani namba ileile kutokea mara mbili mfululizo. Yanatarajiwa karibu mara 10. Binadamu anayebuni namba huogopa marudio kwa sababu hayaonekani kama bahati nasibu. Tazama kama mashine yako nayo inayaogopa. Vyombo vingine huita programu halisi ya namba nasibu, na hivyo havina shida hii. Ila lazima ujue chako ni cha aina gani.

Kuna tatizo kubwa kuliko dadu. Modeli hizi zimenolewa kwa kutumia maoni ya watu ili zisaidie na zipendeze, na tafiti zimeonyesha kwamba hilo linazifanya zikubaliane na mtumiaji hata pasipostahili. Kwenye mchezo maana yake ni hii: ukisema "nina ufunguo wa mlango huu mfukoni," mashine ina mwelekeo wa kukuwekea ufunguo mfukoni.

Kuna wanaoona hilo ni uhuru. Sisi tunaona ni kinyume chake. Angalia Apocalypse World, mchezo wa D. Vincent Baker na Meguey Baker wa mwaka 2010. Unarusha dadu mbili za kawaida. Jumla ya 10 au zaidi, umefanikiwa. 7 hadi 9, umefanikiwa kwa gharama. 6 au chini, msimamizi anakuletea balaa. Piga hesabu: kati ya matokeo 36, sita ni mafanikio safi, 15 ni mafanikio yenye gharama, na 15 ni balaa. Kabla hujaongeza uwezo wa mhusika wako, mafanikio safi ni moja kati ya sita. Waandishi hawakufanya hivyo kwa roho mbaya. Uamuzi wako una uzito pale tu unapoweza kukugharimu. Ukichagua kumwokoa rafiki badala ya dhahabu, kisha ukapewa vyote viwili, hukuchagua kitu.

Msimamizi mzuri anasema hapana, na anajua pia lini asiseme. Anaona kwamba yule kijana wa pembeni hajafungua mdomo tangu saa moja, anamgeuzia uso na kumwuliza mhusika wake anafanya nini. Ustadi huo mtu anaupata kwa kusimamia vikao vibovu kadhaa mbele ya watu wanaomvumilia. Anayeanza akiachia mashine kila uamuzi, hataupata.

Hukumu yetu

Kuna hoja moja ya upande wa pili tunayoikubali. Si kila mtu ana watu wanne wa kucheza nao. Mwanafunzi aliye mbali na wenzake akicheza peke yake na mashine usiku, hajaiba mchezo wa mtu, na anaweza kufurahi kweli. Ila hata yeye atafurahi zaidi akirusha dadu halisi, akaandika matokeo yake daftarini, na akakubali kupoteza.

Kwa wenye meza, tunashauri hivi. Kubuni: itumie, kisha tupa nusu ya ilichokupa. Kukumbuka: isaidie kwa ubao, usiitegemee. Kuamua: usiiachie. Na kwa wanafunzi wa isimu na kompyuta wanaotafuta mada, FIREBALL imetokana na michezo ya Kiingereza. Vikao vichache vya Kiswahili vilivyorekodiwa kwa ridhaa ya wachezaji, pamoja na hali ya mchezo zamu kwa zamu, vingekuwa mwanzo mzuri wa tasnifu.