Picha na Kanuni katika Michezo ya Kompyuta

Vijana wetu wanapozungumzia michezo ya kompyuta, swali la kwanza huwa ni hili: picha zake zikoje? Mchezo ambao majani yake hutikisika kama ya mti halisi husifiwa hata kabla haujachezwa. Ule wenye miraba mitupu hudharauliwa. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba kipimo hicho ni cha pambo, si cha mchezo wenyewe, na kwamba kina madhara.

Tuanze na bao. Bao letu la kete lina safu 4, mashimo 32 na kete 64. Lipo bao lililochongwa kwa ustadi mkubwa, na lipo la mashimo yaliyochimbwa mchangani chini ya mwembe. Je, mchezaji akishindwa mchangani aweza kujitetea kwamba mashimo hayakuwa na nakshi? La hasha. Ugumu wa uamuzi ni ule ule: kete moja ikitiwa hapa badala ya pale, hali ya bao zima hubadilika. Uchongaji ni sanaa yenye heshima yake, lakini ni sanaa nyingine.

Sasa tuutazame mchezo wa Tetris, uliotungwa mjini Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta. Mashine aliyoitumia, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha; ilionyesha herufi na alama za maandishi tu. Kwa hiyo aliviunda vipande vyake kwa mabano. Maumbo ni 7, na kila moja lina miraba 4. Huanguka kutoka juu, na mchezaji huyageuza na kuyapanga. Safu ikijaa hutoweka, isipojaa hubaki.

Kanuni hizi chache zimebeba maudhui mazito. Kazi iliyofanywa vyema haionekani tena, bali kosa hubaki mbele ya macho na kupunguza nafasi ya kulisahihisha. Atakaye kufuta safu 4 kwa mara moja hana budi kuacha upenyo na kungoja kipande kirefu, ambacho huenda kisije upesi. Hapo pana tamaa, subira na hatari, huku kasi ikizidi. Hamna sura ya mtu hata mmoja, lakini tabia ya mchezaji hufichuka.

Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ilitoa Game Boy, chombo cha mkononi chenye kioo kisicho na rangi. Mwaka huo huo Atari ilitoa Lynx, yenye kioo cha rangi. Game Boy, iliyouzwa pamoja na Tetris huko Marekani na Ulaya, ndiyo iliyoshinda sokoni. Ni kweli kwamba bei yake ilikuwa nafuu na betri zake zilidumu zaidi. Hata hivyo, watu wengi waliridhika kuikosa rangi maadamu mchezo wenyewe walikuwa nao.

Hatusemi kwamba picha hazina kazi. Katika Tetris kila kipande sharti kitambulike mara moja. Picha iliyo wazi ni sehemu ya fani. Tena ipo michezo ambayo mandhari yenyewe ndiyo habari inayosimuliwa. Tunachokikataa ni pambo lisilotumikia kanuni wala maana. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Jambo hili lagusa utamaduni wetu. Kijana anayeamini kwamba ukuu umo katika picha ataamini pia kwamba kutunga michezo ni kazi ya makampuni yenye mitambo ya gharama kubwa, na kwamba fungu lake yeye ni kununua tu. Lakini aliyefahamu kwamba ukuu umo katika kanuni aweza kuanza kwa karatasi, kokoto na kompyuta moja kuukuu ya shule. Basi mwalimu na awaulize wanafunzi wake: tukiyaondoa mapambo yote, mchezaji anabakiwa na uamuzi gani? Swali hilo ndilo mwanzo wa uhakiki, na ndilo mwanzo wa utunzi pia.