Hongera, Baba wa Jumapili

Misa ikiisha katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu mjini Mombasa, wapo akina baba wanaowashika watoto mikono na kufuata Barabara ya Nkrumah hadi Ngome ya Yesu. Hao nawapongeza kwa moyo wote. Ngome hiyo, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, huzua maswali yasiyokwisha: mbona waliokuja na msalaba walibeba na mizinga? Baba mwema hajifanyi hakusikia. Anajibu polepole huku akifungua pakiti ya mabuyu; vidole vinageuka vyekundu, na shati jeupe la kanisani, Mungu saidia, linaponea chupuchupu. Kisha mhogo wa kuchoma, ndimu na pilipili, na watoto wanamwamkia shikamoo mzee Mwislamu anayewahi adhuhuri.