Hesabu ya Tangi la Kobe wa Majini

Huko Marekani, ambako kobe wa majini mwenye michirizi myekundu nyuma ya macho, asili yake bonde la mto Mississippi, hufugwa katika nyumba nyingi, wafugaji wameshika kaida moja ya kukadiria tangi lake, nayo ni galoni 10 za maji kwa kila inchi ya gamba. Kaida hiyo si ya dhihaka, kwa kuwa kobe hula na kunya katika maji yayo hayo, na maji yakiwa machache amonia hupanda upesi kuliko chujio liwezavyo kuiondoa. Lakini aghalabu hutumiwa pasipo kuuliza ni gamba la umri gani, wala ni maji yaliyo wapi.

Umri si jambo la kutushughulisha sana. Tangu 1975 ni marufuku huko kuuza kipenzi ambaye gamba lake halijafika inchi 4, kwa kuhofia watoto kuambukizwa salmonela; basi hata mdogo wa dukani ana haki ya galoni 40. Walakini jike hufikia inchi 10 na hata kuzidi, na anunuaye tangi mara moja na ahesabu kwa jike huyo mzima, akipima gamba kwa mstari ulionyooka toka shingoni hadi mkiani, si kwa utepe uliolazwa juu ya mgongo, maana mbinuko huongeza inchi zisizokuwapo.

Shida iko katika maji. Twaa tangi la kioo lenye urefu wa inchi 48, upana 24 na kimo 24: zidisha upate inchi za ujazo 27,648, ugawe kwa 231, ambazo ndizo galoni moja ya Kimarekani, na jawabu ni karibu galoni 120, kama muuzaji alivyoandika. Ila kobe hupanda, na maji yakifika ukingoni naye hutoka. Kwa hiyo maji huachwa inchi 6 chini ya ukingo, na ukirudia hesabu kwa kimo cha 18 wapata galoni 90 tu, pungufu ya haki ya jike yule, ilhali maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 340 hivi, mzigo ambao meza ya kawaida haikuundwa kuubeba.

Kwa rai yangu, waliofanya vyema ni wale walioacha kioo wakanunua birika la plastiki la kunyweshea ng'ombe, la galoni 150, ambalo hata likipunguzwa theluthi lingali na 100 kamili, na bei yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kioo cha kadiri hiyo. Taksiri yake ni kwamba kobe huonekana kwa juu tu, na kubadilisha maji hutaka mpira wa kuyavuta, maana birika lililojaa halinyanyuliki.