Sukari Iliyo Ndani ya Pakiti ya ORS

Geuza pakiti ya ORS, unga wa kuchanganya na maji kwa anayehara, usome nyuma: glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, sitrati gramu 2.9, kloridi ya potasiamu gramu 1.5, vyote kwa lita moja ya maji. Wengi wetu hudhani sukari hiyo imewekwa ili kumpa mgonjwa nguvu, au kumfichia mtoto ladha ya chumvi. Lakini nguvu gani itatoka kwenye kalori hamsini hivi? Sukari imo humo ili chumvi ipate kupita.

Kila siku utumbo mwembamba hupokea majimaji kiasi cha lita 8 hadi 9. Tunayokunywa na kula ni kama lita 2 tu. Mengine ni mate, nyongo, na majimaji ya tumbo, kongosho na utumbo wenyewe. Karibu yote hunyonywa na kurudi mwilini. Utumbo hauna pampu ya maji. Huvuta chumvi, na maji huifuata. Mwaka 1960, katika mkutano mjini Prague, mwanabiokemia Robert Crane alieleza njia mojawapo ya uvutaji huo: kwenye uso wa seli za utumbo kuna protini inayochukua sodiamu ya chumvi na glukosi kwa pamoja. Leo inaitwa SGLT1, na tunajua hubeba ioni 2 za sodiamu kwa kila molekuli 1 ya glukosi. Glukosi ikikosekana, sodiamu haipiti hapo.

Sumu ya kipindupindu huzilazimisha seli kumwaga kloridi ndani ya utumbo. Sodiamu na maji hufuata, na aliyezidiwa huweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Sumu hiyo huzuia pia njia ambayo sodiamu na kloridi huingia pamoja, ndiyo maana kumnywesha mgonjwa maji ya chumvi peke yake hakusaidii. Lakini haibomoi ukuta wa utumbo, wala haigusi protini ya Crane. Mlango huo mmoja unabaki wazi.

Kujua mlango ulipo hakukutosha. Mwaka 1962, kule Manila, daktari Robert Phillips alijaribu mchanganyiko wa chumvi na glukosi uliokuwa mkali kupita kiasi na baadhi ya wagonjwa wakafa. Mwaka 1968, Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walifanya jambo linaloonekana dogo: walipima kinachotoka, wakamnywesha mgonjwa mchanganyiko kwa kiasi hicho hicho. Mahitaji ya dripu yalishuka kwa takriban asilimia 80. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis, alipoishiwa dripu katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, aliwaachia ndugu wa wagonjwa kazi ya kuwanywesha mchanganyiko. Waliokufa chini ya uangalizi wa timu yake walikuwa asilimia 3.6, wakati vifo kambini humo vilikuwa vimefikia asilimia 30.

Kwangu mimi, hatua inayofundisha zaidi ni ile isiyosimuliwa sana, ya mwaka 2002, Shirika la Afya Duniani lilipopunguza nguvu ya mchanganyiko wake. Wa zamani ulikuwa na mkolezo wa miliosmoli 311 kwa lita, juu kidogo ya damu, ambayo ni kama 290. Mpya una 245: sodiamu milimoli 75, glukosi 75. Kwa watoto wenye kuhara kusiko kwa kipindupindu, waliolazimika kuongezewa dripu walipungua kwa karibu theluthi moja. Sababu ni kwamba glukosi inayozidi uwezo wa protini hubaki utumboni, na huko huyavuta maji kutoka mwilini. Ndiyo hasara ya kumpa soda mtoto anayehara: sukari tele, sodiamu kiduchu. Madafu yana potasiamu ya kutosha, ila sodiamu yake ni haba mno kwa kazi hii.

Kwa hesabu hiyo, uji mwepesi wa mchele wenye chumvi haupaswi kudharauliwa. Wanga ni molekuli kubwa, kwa hiyo chembe zake majini ni chache na mkolezo hubaki chini. Vimeng'enya huukata polepole, na glukosi hutoka kwa kiasi ambacho protini inaweza kukibeba. Kwa wagonjwa wa kipindupindu, ORS ya mchele hupunguza kuhara kuliko ile ya glukosi. Kilichoupa unga wa pakiti nafasi ya kwanza ni kazi ya jikoni: uji lazima upikwe, na ukikaa saa chache kwenye joto unachacha.