Kigeuze Kwanza: Namna ya Kukagua Kigari cha Safari Rally

Mtu akikuwekea kigari cha mfano mezani, macho yako yatakimbilia boneti, na huko ndiko muuzaji anakotaka yaende. Kwenye boneti ndiko kuliko na mng'aro, namba kubwa na majina ya wadhamini. Usimfurahishe mapema. Kishike kwa magurudumu, kigeuze miguu juu, ukague tumbo kwanza, kama mnunuzi wa mbuzi anavyomfungua mnyama mdomo kabla hajauliza bei.

Tumbo ndilo husema fundi aliacha kufanya kazi wapi. Gari la Safari Rally huvaa bamba la kinga chini ya injini, na bamba hilo hupigwa na mawe mpaka chuma kikabaki wazi. Bomba la moshi hubabuka rangi kwa joto. Viungo vya magurudumu hushika uchafu kwenye pembe. Ukikuta tumbo lote jeusi la plastiki, safi na liking'aa kama sufuria mpya, jua huyu alifanya kazi hadi pale alipodhani macho yako yangeishia. Kigari hicho waweza kukinunua ukikipenda, ila usilipe bei ya kazi kamili.

Nasema haya nikiwa mtu aliyepiga rangi magari ya kweli kabla ya haya madogo. Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Yaliingia katika ubingwa wa dunia ulipoanzishwa mwaka 1973, yakatoka baada ya 2002, na yaliporudi mwaka 2021 makao yake yakawa hapa Naivasha. Tangu hapo nimeshika vigari vingi kuliko pampu ya rangi. Vingi vimetengenezwa vizuri, lakini ni vichache ambavyo ningeamini kwamba viliwahi kupita njia ya mashindano ya Kedong.

Turudi kwenye rangi. Kipimo kinachopendwa na wajenzi wengi ni 1:24, yaani gari la mita nne linakuwa kitu cha sentimita 17 hivi. Kila ulichozoea kwenye gari kubwa lazima ukigawe kwa 24, na unene wa rangi ndio unaowashinda wengi. Rangi ya gari la kweli, tabaka zote pamoja, ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukipaka kigari unene uleule, ni sawa na gari lako kupigwa rangi ya milimita mbili na nusu. Huo sasa ni plasta. Tazama ufa kati ya mlango na ubavu. Kwenye gari halisi una kama milimita nne, kwa hiyo kwenye kigari unapaswa kuwa mwembamba kama karatasi mbili zilizobanwa pamoja, tena uwe na ncha kali. Ukiona kingo zake zimeviringika kama mdomo wa kikombe cha udongo, rangi ilirundikwa.

Kisha kipeleke dirishani. Usikitazame kwa kukielekeza kwenye mwanga moja kwa moja. Kilaze kidogo ili mwanga uteleze juu ya paa. Uso ukifanya vinyweleo kama ganda la chungwa, pampu ilikuwa mbali mno au rangi ilikuwa nzito. Rangi za metali zina mtego wao: chembe za fedha ukiweza kuzihesabu kwa macho, ni kubwa mno. Kwenye gari halisi zingekuwa punje za ufuta. Fundi mzuri hutafuta rangi yenye chembe laini zaidi kuliko ile ya dukani ya magari, hata kama jina la rangi kwenye kopo ni lilelile.

Hapa Naivasha tuna shida yetu ya ziada, na mnunuzi akiijua ataitambua alama yake. Tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Asubuhi mapema ni baridi na kuna unyevu wa ziwa. Ukipuliza rangi ya thina saa moja, hubaki na ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo. Alasiri upepo unaamka na kuleta vumbi kupitia hata tundu la ufunguo. Mimi hupuliza kati ya saa nne na saa saba, basi. Kwa hiyo ukiona vipele vidogo vimezama chini ya vanishi, usidanganywe kuwa ni mapambo ya uhalisia. Ni alasiri hiyo imenaswa.

Stika nazo hazihitaji maelezo marefu. Zile bora huloweshwa kwa maji na kuteleza mahali pake. Ikibaki hewa chini yake, ukikiinamisha kigari utaona mng'ao kama gamba la samaki kuzunguka herufi. Chukua Lancia Delta iliyoshinda hapa mwaka 1988, 1989 na 1991, nyeupe yenye milia ya Martini ya buluu mbili na nyekundu. Mstari ukifika kwenye ufa wa mlango lazima uzame ndani na kuibukia upande wa pili. Ukipita juu ya ufa kama daraja, fundi aliogopa kuukata kwa wembe.

Sasa simama hatua moja nyuma ukitazame kinavyosimama. Gari la Safari huinuliwa kuliko magari ya mashindano ya Ulaya. Yale ya zamani yalivaa ngao ya chuma mbele kwa sababu ya wanyama, yakajaza spotlaiti kwa ajili ya safari za usiku. Yapo mengi, ya zamani na ya siku hizi, yaliyopandishiwa bomba la kuvutia hewa hadi usawa wa paa ili injini isinywe maji mitoni. Kigari kilichochuchumaa kama kinakwenda lami ya Monte Carlo, hata kikiwa na namba sahihi ubavuni, hakijafika Kenya. Spotlaiti zenyewe zichungulie ndani: kitone cheusi katikati ya kioo ni kijiti cha plastiki kilichoshikilia taa, kasoro ya kawaida kwenye vigari vya bei nafuu. Mafundi wazuri hukikata kijiti, wakaweka fedha nyuma ya kioo na gundi pembeni.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo wajenzi wengi wa mbali hukosea, na ambalo mtu wa hapa anaweza kulihukumu akiwa amefumba jicho moja. Vumbi.

Fungua kisanduku cha kigari chochote kilichochafuliwa kiwandani na kuandikwa Safari, na mara nyingi utakuta kimepakwa wekundu wa matofali. Mtu fulani ameamua kwamba Afrika ni nyekundu. Wekundu huo upo, sikatai. Upo Voi na Tsavo, ambako hata ndovu wamekuwa wekundu. Upo Murang'a na Thika. Mashindano ya zamani, yaliyozunguka nchi nzima, yaliukusanya kweli. Lakini kuanzia 2021 magari yanakimbia chini ya mlima Longonot, Kedong, Hell's Gate, Soysambu na kandokando ya Elementaita, na ardhi hii ni majivu ya volkano. Vumbi lake limepauka, kijivu chenye manjano kidogo, kama majivu ya jikoni yaliyochanganywa na unga wa atta. Karibu na Gilgil, pale Kariandusi, kuna machimbo ya udongo mweupe kabisa. Kwa hiyo Toyota Yaris ya dereva Ogier ya 2021 au ya Rovanperä ya 2022 ikiletwa kwako na vumbi jekundu, imechafuliwa na mtu ambaye hakuangalia hata picha.

Nami sijasalimika. Yaris yangu ya kwanza niliipaka vumbi jekundu, kwa sababu nilikuwa nimeziona nyingi za dukani na nikaamini macho yangu ya dukani kuliko ya nyumbani. Nilifuta boneti ya pikapu yangu kwa kitambaa cheupe siku iliyofuata, nikakilaza kitambaa kando ya kigari, nikaona aibu. Kigari hicho sijakiosha. Kiko rafu ya juu, kinanikumbusha.

Rangi ikiwa sahihi, angalia mahali. Vumbi halimwagiki gari zima sawasawa kama unga kwenye andazi. Gari likikimbia huacha mvuto nyuma yake, na vumbi linarudi kujibandika kwenye buti, kioo cha nyuma na taa za nyuma. Huko ndiko kunakostahili kuwa kuzito zaidi. Nyuma ya kila gurudumu kuna mkia wake kwenye ubavu. Kioo cha mbele kina upinde safi uliofagiliwa na waipa, na nje ya upinde huo ukungu wa vumbi. Vitasa vya milango vimepanguswa na viganja. Namba na majina ya wadhamini mara nyingi yamefutwa na makenika kituoni, kwa hiyo vumbi linakatika ghafla kwenye mstari wa kitambaa. Nilipokiona kigari chenye mfuto huo wa kitambaa juu ya namba, nilikilipia bila kubembeleza bei.

Kisha ukubwa wa chembe. Wapo wanaochota vumbi halisi la Kedong na kulibandika kwa gundi, wakijisifu kwamba ni la kweli. Ni la kweli, lakini si la kipimo. Punje ya mchanga ya nusu milimita, kwa kipimo cha 1:24, ni kokoto ya milimita 12. Gari linaonekana limepigwa lami mbichi kisha likabiringishwa kwenye changarawe. Vumbi la kwetu huku ni laini kiasi kwamba linatembea kama maji, na madereva hulalamika linawaingia hadi ndani ya kofia. Kwa kigari kinafaa chaki iliyosagwa au poda ya rangi isiyo na chembe unayoweza kuihisi kwa kidole. Kuna siri moja ya fundi: vanishi ikipuliziwa juu ya poda, nusu ya vumbi hutoweka na iliyobaki huwa nyeusi zaidi. Fundi mwenye subira huiweka poda ikiwa imekolea kupita kiasi, akijua vanishi itakula sehemu yake. Asiyejua hulipata kwa bahati, na bahati huonekana kwa mabaka.

Uulize pia mwezi. Kuanzia 2021 hadi 2023 mashindano yalifanyika Juni. Mwaka 2024 yalirudishwa Machi, wakati wa Pasaka, na mvua za masika zina mazoea ya kujialika. Kigari cha 2024 chenye tope kina haki yake. Ila tope lina tabia: hurushwa kuelekea nyuma, likachora mistari iliyolala, si matone ya duara kama ya mswaki uliokung'utwa. Tope lililokauka limepauka, bichi ni jeusi na linang'aa, na gari moja hubeba yote mawili, bichi ndani ya madigadi na kavu juu ya mlango. Tope la rangi moja mwili mzima ni uvivu.

Kuna watu watakaoniambia kwamba haya ni ya wenye pesa, wa vigari vya Japani vya Tamiya na Hasegawa. Sikubali. Vijana wetu hutengeneza matatu za boksi na magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili, na huwa nasikia wageni wakiyasifu kwa sauti ile ya kumsifia mtoto. Sifa hiyo ni matusi. Yakague kwa macho yaleyale. Boksi hunywa rangi, kwa hiyo fundi anayejua hulifunga kwanza kwa gundi iliyozimuliwa, akapiga msasa, ndipo akapaka. Kwa asiyelifunga, utaiona mifereji ya boksi ikichungulia chini ya rangi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Mstari wa manjano wa matatu, ule ulioletwa na sheria za waziri Michuki mwaka 2004, upimwe kwa macho kutoka nyuma: ukiyumba kwenye kona, tepu haikukandamizwa. Namba ya mbele iwe nyeupe na ya nyuma manjano. Nimewahi kuona matatu ya boksi, ya viti 14, ambayo fundi alikuwa amepaka ngazi ya mlango ikiwa imechubuka katikati tu, pale makanga anaposimama. Kigari cha chuma cha kiwandani kilichokuwa kando yake hakikuwa na jambo lolote la aina hiyo.

Ukija Naivasha kwa mashindano, usikae sana kwenye meza za wauzaji kabla ya kupita Kedong. Baada ya magari kupita, pangusa boneti ya gari lako kwa kipande cha karatasi nyeupe, kikunje, andika mahali na tarehe, ukitie mfukoni. Siku utakayotaka kununua kigari, kifungue kipande hicho hapo hapo mbele ya muuzaji ukilinganishe na buti ya kigari.