Kujua Kiswahili si kujua nusu ya Kiarabu

MWEZI uliopita niliketi kwenye dawati la nyuma mjini Wote, katika darasa la Kiarabu la watu wazima. Wengi walikuwa akina dada wa Makueni na Kitui wanaojiandaa kwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia. Mwalimu aliwaanzia kwa maneno matamu: “Msihofu! Nusu ya Kiarabu mnayo tayari kwenye Kiswahili.” Kisha akajaza ubao: samaki, sabuni, kalamu, sita, saba, tisa. Darasa likachangamka.

Mimi nilinyamaza. Kauli hiyo huwapa wanagenzi moyo siku ya kwanza na kuwapoteza siku zote zinazofuata.

Hebu tulitazame neno tafadhali. Kwetu ni la kuomba. Mwarabu akimwambia mwanamke “tafaddali”, aghalabu anamkaribisha: ingia, keti, kula. Anayeomba husema “min fadlik”. Dada mmoja wa Mutomo aliniuliza wakati wa chai, “Sasa mwalimu, nikiambiwa hivyo nikae ama ningoje kutumwa?” Swali hilo halikuwa kwenye kijitabu chao. Rahisi nalo? “Rakhiis” ni bei nafuu. Kazi isiyo ngumu ni “sahl”. Ajali ndiyo mbaya zaidi. “Ajal” ni muda uliowekwa, hasa wa mtu kufa, ilhali gari likipinduka wao husema “haadith”. Fikiria mtu akipiga simu usiku kuomba msaada!

Sisemi Kiswahili hakifai. Kitabu, katibu na maktaba zina mzizi mmoja, k-t-b, na hapo mwanafunzi angeonyeshwa jinsi Kiarabu kinavyounda maneno. Angeelewa pia kwa nini wingi ni “kutub”, wala si vitabu. Sisi ndio tuliodhani ki- ni kiambishi. Mwalimu alilipita jambo hilo mbio.

Kilichonikera hasa ni kupigwa marufuku kwa Kikamba darasani. Jamani! Kikamba hutofautisha maana kwa urefu wa irabu, jambo ambalo Kiarabu hulidai kila mara: “jamal” ni ngamia, “jamaal” ni uzuri. Nayo th ya Kathonzweni, inavyotamkwa na wenyewe, ni dhaal tosha. Penye shida ni r, ambayo Kikamba hakina. “Rahma” ni huruma, “lahma” ni kipande cha nyama. Hapo ndipo pa kuwafanyisha mazoezi, si kuwacheka.

Na hicho Kiarabu chenyewe kilikuwa cha vitabuni. Walikariri “uriid” kwa nataka na “maa” kwa maji. Nyumbani Riyadh atasikia “abi” au “abgha”, na “moya”. Anayemfunza mfanyakazi amfunze kwanza lugha ya jikoni atakakoamrishwa, kisha sarufi ifuate.